Shamba la Faduma Ukutani

Kananu alikuwa akiosha vichupa. Kila asubuhi alianza na kazi hiyo kabla bati la paa halijaanza kulia kwa joto, maana kichupa chenye alama ya kidole hukidanganya kifaa kuliko maji machafu yenyewe. Alivisuuza kwa maji yaliyochemshwa, akavipanga kifudifudi juu ya kitambaa. Nje, makorongo wawili walisimama juu ya pipa la taka wakimtazama kama wazee wanaosubiri kuitwa ofisini.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya ofisi moja ya maji, Garissa, si mbali na daraja. Kwao Kananu ni Meru, lakini alikuwa ametumwa kutoka Mombasa aje atengeneze kifaa cha kupima tope linaloelea majini. Kifaa kilikusudiwa bahari. Kule Kipini, mto Tana unapoingia baharini, maji huwa na rangi ya chai ya maziwa hadi mbali, na watu wa mradi walitaka kujua ni tope kiasi gani, linafika lini na linafunika nini. Risper, mkuu wa mradi, alikuwa amesema ni afadhali kifaa kizaliwe huku juu, kwenye maji matamu, ndipo kipelekwe kwenye chumvi.

Hakikuwa kitu cha kutisha. Ni bomba jeusi la plastiki, urefu wa mkono wa mtu mzima. Upande mmoja taa ndogo ya kijani, katikati mahali pa kuweka kichupa cha maji, halafu lenzi, na mwishoni jicho la kupokea mwanga. Maji yakiwa safi, mwanga mwingi hufika kwenye jicho. Tope likizidi, mwanga hupotelea njiani. Jicho hugeuza kilichofika kuwa namba, na namba huonekana kwenye kioo kidogo juu ya bomba. Basi, ni hilo tu. Ila kifaa kipya hakijui chochote, ni lazima kifundishwe. Unachukua udongo, unaukausha, unaupima kwenye mizani, unaukoroga kwenye maji safi, halafu unakiambia: huu ni kidogo, huu ni mwingi, huu ni mwingi zaidi. Kikishika, unakipeleka mtoni.

Udongo wa kufundishia, Kananu aliupata kwa Faduma.

Faduma alikuwa mama mzee mwenye shamba la vitunguu, ndizi na mipapai ukingoni mwa mto, upande wa chini wa mji. Shamba hilo zamani lilikuwa kubwa. Sasa lilikuwa limebaki kipande na nyumba yake mwishoni, na ukingo umekatika wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Kila mvua ya masika mto ulirudi kuchukua kipande kingine. Masika ya mwaka mmoja mto uliondoka na mumewe, Abdille, akiwa ameinama kuwasha pampu. Mwili haukupatikana, wala pampu. Watu walimsalia sala ya maiti asiyekuwapo, wakanywa chai, wakaenda zao.

"Unataka udongo?" Faduma aliuliza siku Kananu alipofika na ndoo. "Ya kufanya nini?"

"Ya kufundishia mashine, Ayeyo," Kananu alijibu, akimwita bibi kwa Kisomali.

"Mashine iko darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Haye. Chukua hiyo ya karibu na maji, hiyo itaenda tu. Ya huku nyuma niachie."

Kanuni ya kazi inasema udongo wa kufundishia uokotwe sehemu nyingi za mto, uchanganywe. Kananu aliijua kanuni hiyo vizuri. Lakini kingo nyingine zote zilikuwa zimefungwa na mathenge, ule mti wa miiba usiosikia panga, na kwa Faduma kulikuwa na njia safi, kivuli, na chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Akajiambia udongo ni udongo. Akajaza ndoo yake hapo hapo, akashukuru, akarudi stoo kwa mkokoteni wa punda.

Kifaa kilijifunza haraka. Wiki hiyo hiyo Kananu alichota maji mtoni, chini ya mji, akayatia kwenye kichupa, akawasha taa. Namba ilikuwa nzuri, ila ilirukaruka. Akafikiri jicho lina vumbi. Alilichomoa alifute, na mwanga, kwa kuwa haukuwa na jicho la kuupokea, ukapita moja kwa moja hadi ukutani.

Ukutani palikuwa na shamba. Lilikuwa la rangi ya kijani, kwa sababu ya taa, na lilikuwa juu chini, kwa sababu ya lenzi. Kulikuwa na matuta ya vitunguu, migomba, na mpapai mmoja uliopinda kiuno. Mwanamume aliyevaa kikoi alikuwa ameinama kwenye pampu. Kananu alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa lenzi ya pili, akaiweka mbele ya ile ya kwanza kama alivyofundishwa chuoni, na shamba likasimama sawasawa. Kisha akafunga mlango, akaenda kumwita Faduma. Aliona ni adabu mwenye mali apewe habari.

Faduma alikaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, akatazama.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Ndiyo, Ayeyo."

"Na huyo ni Abdille."

"Nilidhani hivyo."

"Anamwagilia saa sita. Miaka yote nimemwambia, maji ya saa sita inachoma fitunguu. Sasa hata kufa amekufa, bado hasikii."

Kananu alifanya majaribio, maana ndiyo kazi yake. Maji ya kisima yalionyesha ukuta tu. Maji ya mto yaliyochotwa juu ya shamba la Faduma yalionyesha tope la kawaida. Maji yaliyochotwa chini ya shamba, popote pale, yalionyesha shamba. Akaelewa. Kifaa kilikuwa kimefundishwa udongo mmoja, na sasa kilikuwa kikiutambua kila kilipokutana nao, pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake.

Tangu hapo Faduma alikuja kila alasiri. Kananu alimchotea maji mapya, akayaacha yatulie kidogo, wakatazama. Chumba kilianza kunuka vitunguu. Ukuta ulilowa sehemu ya chini, mifereji ya shamba ilipoishia, na Kananu akaweka tambara hapo ili maji yasifike kwenye nyaya. Faduma alileta chai kwenye chupa. Akichoka kumsema Abdille alitega vitendawili, na Kananu, aliyelelewa na nyanya yake, alijibu huku akikaza skrubu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Amelala mchana kutwa, na bado amefika mbali."

"Mto."

"Wewe si mtu wa ofisi," Faduma alisema. "Mtu wa ofisi angesema ni mkubwa wake."

Habari zilienea, na majirani wakaja. Alio, ambaye shamba lake lilikuwa limepakana na la Faduma, alivua viatu mlangoni, akasimama mbele ya ukuta, akatafuta mpaka. Picha iliishia penye mpaka wake. Akauliza kama mashine inaweza kumwonyesha la kwake pia, alikuwa na mikorosho na kaburi la mama yake hapo.

"Inaweza," Kananu alimwambia. "Niletee udongo wake kidogo, nikifundishe."

Alio alifikiri. Shamba lake lilikuwa limeondoka lote, mpaka uzio wa nyuma. Hakuwa na hata udongo wa kujaza kikombe. Aliangalia kucha zake, akaangalia viatu vyake kule mlangoni, akavichukua, akaviparuza kwa kijiti, lakini ilikuwa vumbi la barabarani.

"Basi, salimia Abdille," alimwambia Faduma, akaenda.

Sasa, nyuma ya picha, ng'ambo ya maji, kulikuwa na jambo jingine. Mwanzoni Kananu alidhani ni uchafu wa lenzi. Alipoisafisha vizuri likazidi kuonekana: ukingo wa pili wa mto, na malori yakirudi kinyumenyume hadi majini, yakimwaga mawe. Watu walikuwa wakiyafunga mawe hayo kwa waya, tabaka juu ya tabaka, na mto, ulipogonga ukuta ule, ulikuwa ukigeuka na kuja moja kwa moja kwa Abdille.

Ukuta huo ulikuwa wa Haji Kerrow, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na shamba la matikiti upande wa pili. Aliujenga kulinda matikiti yake, na yalilindika. Hilo kila mtu alilijua, lakini kujua ni kimoja na kuonyeshwa ni kingine. Na masika yalikuwa yakikaribia, na Haji alikuwa ameomba ruhusa ya kuurefusha ukuta. Ukirefushwa, kipande kilichobaki cha Faduma kingeondoka pamoja na nyumba. Faduma alikuwa ameiandikia kamati ya kingo za mto. Alisema shamba lake limechukuliwa na maji yaliyogeuzwa, na aliomba ukuta usiongezwe hata jiwe moja. Kamati ilimjibu kwamba itakuja kujionea.

"Waje hapa," Kananu alisema. "Waone wenyewe. Malori yako pale wazi, Ayeyo, hawawezi kukataa."

Faduma aligeukia nje. Aliwatazama makorongo kwa dirisha.

"Watu wa ofisi wakiona kitu," alisema, "unajua wataona nini?"

"Wataona kilichopo."

"Haye," Faduma alisema. "Wewe ndiye umesoma, abaayo, dada yangu."

Kamati ilikuja siku ya Jumatano baada ya chai. Mwenyekiti alikuwa Murithi, mtu wa Meru kama Kananu, mpole, mwenye kitambaa cha kujifutia jasho alichokikunja vizuri kila alipomaliza. Haji Kerrow alikuja naye, kwa kuwa ni haki mtu asemwe akiwapo. Alileta maziwa ya ngamia kwenye mtungi, akamsalimu Faduma kwa heshima, akamwita eedo, yaani shangazi, akauliza hali ya mabinti. Kananu alifunga dirisha kwa gunia, akawasha taa.

Wote waliutazama ukuta. Abdille alikuwa akipalilia.

"Mashallah," Haji alisema. "Fitunguu vimeshika."

"Vimeshika," Faduma alisema.

"Na huyo ni marehemu?" Murithi aliuliza.

"Ndiye."

Murithi aliinamisha kichwa kidogo kwa adabu, kisha akasogea karibu na ukuta. Aliangalia matuta, akaangalia mfereji, akagusa ukuta, akanusa kidole chake. Kananu akamwonyesha ng'ambo. Yale malori yalikuwa yakimwaga mawe, moja linaondoka, jingine linaingia.

"Ni ya kwangu," Haji alikiri bila kusumbuliwa. "Hilo la mbele nimeshaliuza. Lilikuwa linakula mafuta."

"Yanaonekana wazi," Murithi alisema.

"Wazi kabisa," Kananu akasema, na moyo wake ukatulia.

Murithi alijifuta jasho, akakunja kitambaa. Akamgeukia Faduma kama mtu anayempa mgonjwa habari njema.

"Mama, ngoja nikueleze vile mambo yalivyo. Hayo malori yako upande wa pili wa mto, na upande wa pili ni kaunti ingine. Sisi hatuna mkono huko. Hilo tuliweke kando. Tuje kwa shamba. Ombi lako linasema shamba limepotea. Kamati yetu ya kingo inashughulikia mashamba yaliyopotea tu. Lakini hili tumeliona sisi wote. Lipo. Limepandwa, limepaliliwa, tena lina mtu. Mimi nikiandika limepotea nitakuwa nimedanganya."

"Liko kwa chupa," Faduma alisema.

"Lakini liko."

"Na ni salama," Haji aliongeza, kwa sauti ya kufariji. "Eedo, mto hauwezi tena kulichukua. Mimi langu bado nahangaika nalo."

Kananu alisema kwamba shamba lile ni tope, kwamba baada ya siku chache litakuwa limepita Hola na kuendelea hadi baharini, na kwamba yeye ameajiriwa kulipima kama tope. Murithi alimsikiliza hadi mwisho. Akasema hata ng'ombe hutembea, na hakuna anayesema amepotea mradi mwenyewe anajua aliko.

Faduma alijimiminia chai.

"Kitendawili," alisema.

Murithi aliangalia saa yake, lakini kwao alikuwa amelelewa vizuri.

"Tega, mama."

"Yako naiona, yangu unaiona. Yako unakanyaga, yangu sikanyagi."

"Ni... kivuli?"

"Abana, siyo."

"Nimeshindwa."

"Nibe mji."

"Nimekupa Modogashe."

"Modogashe hakuna mto, ni malori tu. Malori nimechoka. Ongeza."

"Nimekupa Elwak."

"Haye. Nikaenda Elwak, nikakaa, nikala nyama, nikanunua nguo. Nikarudi kwa shamba yangu nikakuta haiko, na mtu wa ofisi amesimama hapo ananiambia iko. Jibu ni hiyo."

Murithi alicheka kidogo. Alisema ni kitendawili kizuri na kwamba atawategea watoto wake. Kisha kamati ikaondoka, na Haji akaacha maziwa.

Risper alifika kutoka Mombasa baada ya hapo. Hakuja kwa ajili ya shamba. Alikuja kwa ajili ya namba, kwa sababu zile alizokuwa akitumiwa, kila Kananu alipolirudisha jicho apime, zilikuwa zikirukaruka, hasa mchana. Kananu alimweka kwenye mtungi uliopinduliwa, akampa chai, akamwonyesha ukuta. Risper alitazama kwa makini. Alikuwa mtu wa kazi, na macho yake yalikwenda penye tatizo moja kwa moja.

"Ni huyu," alisema. "Akitembea anakata mwanga."

"Ndiyo."

"Na saa sita anatembea sana."

"Anamwagilia."

"Kananu, dada yangu, ulikifundisha kwa udongo wa mtu mmoja. Hii ni kosa ya mwanafunzi."

Kananu alikubali kwamba ni kosa la mwanafunzi.

Marekebisho hayakuwa magumu. Kananu alivaa viatu vya mpira, akatafuta mtu wa panga, akapenya kwenye mathenge, akaokota udongo kingo nyingi, akauchanganya hadi haukuwa wa mtu yeyote. Akakifundisha kifaa upya. Picha ikafifia, ikawa ukungu wa kijani. Namba bado zilitikisika kidogo mchana, kwa hiyo Risper akaonyesha namna ya kuzichukua nyingi kwa pamoja na kutoa wastani, ili chochote kinachotembea kiishie humo. Mwishowe walilikaza jicho mahali pake, wakalifunga kwa gundi nyeusi, ili mwanga usipate tena pa kutokea. Namba zikatulia. Risper alifurahi, akampigapiga Kananu begani, akasema kifaa sasa kiko tayari kwa bahari.

Kananu alikwenda kumweleza Faduma mwenyewe. Alimkuta akichuma vitunguu kabla ya wakati, vidogo vidogo, akivifunga mafungu. Ng'ambo malori yalikuwa yamerudi, na mawe yalisikika yakianguka majini moja baada ya jingine.

"Sasa hataonekana tena?"

"Hataonekana, Ayeyo. Lakini yumo."

"Huyo mwenyekiti pia alisema hivyo," Faduma alisema, akaendelea kufunga.

Masika yalikuja. Mto ulipanda, ukagonga ukuta wa Haji, ambao ulikuwa umejengwa vizuri kwa kweli, ukageuka. Ukachukua matuta yaliyobaki, ukachukua mpapai uliopinda, ukachukua njia safi na kivuli chake. Nyumba ilisimama ukingoni asubuhi nzima ikiwa imeinama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa chini, halafu nayo ikaingia. Faduma alikuwa ametoka na mkeka, birika na mafungu ya vitunguu. Binti yake, Ilwad, alimchukua kwake mjini, kwenye chumba kimoja chenye watoto, na watu wakaja kumpa pole, wakasema afadhali shamba liko.

Siku iliyofuata Faduma alitembea hadi stoo. Kananu alikuwa akifunga virago, maana gari la kwenda Kipini lilikuwa linakuja. Kifaa tu ndicho kilichokuwa hakijafungwa. Alikuwa ametia ndani yake maji ya mto ya asubuhi hiyo, achukue kipimo cha mwisho cha Garissa. Kilikuwa mezani, cheusi, kimya, na kwenye kioo chake kulikuwa na namba.

Faduma alikaa kwenye mtungi wake. Aliangalia ukuta kwanza. Ulikuwa umekauka. Kisha akaangalia kioo.

"Hiyo ndiyo tope yote?"

"Yote, Ayeyo. Ya mto mzima, hapa, leo."

"Na yangu ni ngapi hapo ndani?"

Kananu alieleza kwamba lake haliwezi kutengwa. Udongo wa juu na wa chini, wa Faduma na wa Alio na wa watu wasiojulikana, wote umejumlishwa. Alieleza pia habari ya wastani, kwamba kifaa sasa hakiangalii kitu kimoja kimoja. Aliyasema hayo polepole na kwa Kiswahili chepesi, na alipomaliza aliona kwamba yalikuwa yameeleweka tangu mwanzo.

Faduma alivuta mtungi karibu na meza, akainama hadi mdomo wake ukawa karibu na lile bomba, kama mtu anayeongea na aliye nyuma ya mlango.

"Abdille," alisema. "Ni mimi. Nyumba inakuja huko. Ibokee bole bole, iko na fyombo ndani."

Namba ilipanda. Ilikaa juu kwa muda, ikitikisika, kisha ikashuka taratibu, ikatulia palepale ilipokuwa.

Nje, gari lilipiga honi. Kananu alichukua kalamu, akaandika ile iliyotulia.